Bibi Kesho wa Wodi ya Moyo

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba iliyotazamana na kiwanda cha mbao. Alianza shule mwaka 1965. Sekondari alisimamishwa wiki mbili kwa kumbishia mwalimu wa sayansi, na aliyekuwa sahihi ni yeye. Mwaka 1979 alihitimu uuguzi.

Tangu 1994 hadi alipostaafu mwaka 2018 alifanya kazi katika wodi ya upasuaji wa moyo. Kazi yake hasa ilikuwa kuongea. Siku moja kabla ya kupasuliwa, kila mgonjwa alimwona akija baada ya chakula cha mchana na kigoda chake cha plastiki kumweleza ya kesho, ndipo wakamwita Bibi Kesho. "Ukizinduka utakuta mpira wa kupumulia kooni," aliwaambia. "Hutaweza kusema. Usihangaike, hujawa bubu, tutautoa. Mikono tutaifunga kidogo usije ukaung'oa. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto, kidonda cha kifua kisiume." Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, alijifungia chooni akaapa hatoki. Mama akaketi nje ya mlango, akamweleza yote kupitia tundu la kitasa. Baada ya saa nzima mlango ukafunguliwa. "Huo mto wenyewe uko wapi?" akauliza.

Tarehe 22 Agosti 1981 aliolewa na baba yetu, fundi redio, aliyetangulia mwaka 2011. Baba alizoea kusema kwamba redio zote aliziweza isipokuwa ile aliyoioa.

Oktoba mwaka jana mama alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi tatu tu za mlangoni kwake. Vali ya moyo ilikuwa inavuja. Tarehe 5 Februari alilazwa katika wodi ileile aliyoitumikia. Mchana akaja muuguzi aliyefundishwa na mama mwenyewe, ili amwandae. Mimi, mwanawe wa kwanza, nikamzuia.

"Huyu ndiye mwalimu wenu. Mtamwambia nini asichokijua? Nenda kwa wenye shida."

Tukacheka wote. Mama naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Muuguzi alipoondoka, mama akanishika mkono. "Basi niambie wewe, mwanangu. Kesho itakuwaje?"

"Mama, acha utani wako," nikamjibu, nikatoka kwenda kuhamisha gari.

Alipasuliwa kesho yake na vali ikarekebishwa vizuri. Alipozinduka alipambana na mpira kooni, macho yakizunguka chumba kizima kutafuta mtu. Tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, damu iliyoganda ilimpanda ubongoni, akafariki. Daktari ameniambia kwamba maneno yasingezuia jambo hilo, nami namwamini. Aibu yangu haiko hapo.

Katika nakala ya kwanza ya wasifu huu niliandika kwamba mama aliingia chumba cha upasuaji bila hofu, kwa kuwa alikuwa mzoefu. Nilimpa yule muuguzi akague tarehe. Alinirudishia karatasi, sentensi hiyo ameipigia mstari.

"Tarehe ziko sawa, kaka. Lakini hii si kweli. Asubuhi ile nikimsukuma kwenda kupasuliwa, aliniuliza kama akizinduka ataweza kusema."

"Ukamjibu nini?"

"Nilidhani ananipima kama zamani. Nikamwambia, 'Mwalimu, leo hakuna mtihani.'" Akaanza kulia, nami nikashindwa hata kumpa pole, kwa sababu utani huo aliuokota kwangu. Sentensi nimeifuta, na ukweli nimeuandika hapa ili usomwe mbele ya wote waliomjua.

Mama ameacha watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mdogo. Wagonjwa aliowaandaa hatujui idadi yao, ila nawaona wengi wamekuja leo, na nashindwa kuwatazama usoni. Mama yetu aliogopa kama wao. Aliniomba maneno ambayo nimeyasikia tangu utotoni na ninayajua yote, nami sikumpa hata moja.

Apumzike kwa amani, na anisamehe.