Harage la Mjukuu

Bibi aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata kikopo chenye pamba iliyoloa maji na mche mmoja wa harage, amekishika kwa mikono miwili kama kikombe cha chai ya moto. Alikuwa akimweleza jirani yake, mwanamke mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni, kwamba mbegu aliyopewa mjukuu wake shuleni ilioza, naye ameibadilisha kimyakimya.

"Za wenzake zote zimeota. Wangu aende kulia mbele ya darasa?"

"Mimi ni mwalimu, bibi. Tunataka waone kinachotokea kweli. Mbegu nyingine huoza."

"Ana miaka sita, mwanangu! Mambo ya kuoza atayaona tu ukubwani."

"Unamdekeza."

"Sasa nimdekeze nani, wewe?"

Nikageukia dirisha, mabega yakacheka peke yake.

Basi liliposimama, mwalimu akanyanyuka na kikapu chake, kitambaa cha juu kikateleza. Ndani mlikuwa na vikopo vitatu vya pamba, kila kimoja na mche wake.

"Na hivyo je?" bibi akauliza.

"Vya wasio na bibi," akajibu, akashuka.