Kimya cha Mama wa Darajani

Benchi la nje ya duka la fundi simu lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na asubuhi hiyo lilimpokea Mkasi akiwa hoi, macho mekundu kama aliyeshinda anakata vitunguu. Walimwita Mkasi kwa sababu ya kazi yake ya kuhariri filamu za maisha ya watu wa kweli: hukata, huunga, kisha huchora picha zinazotembea na maandishi yanayoelea. Aliagiza kahawa, akashika kikombe bila kunywa.

— Vipi, Mkasi, umefiwa? — aliuliza Spika, kinyozi mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

— Bosi anataka yule mama nimtoe kwenye filamu. Kabla ya jioni.

— Mama yupi?

— Wa lile daraja lililobomoka. Anachambua maharage, anaulizwa habari za mumewe aliyefia pale, ananyamaza. Ananyamaza weee, mpaka maharage yanaisha kwenye ungo. Bosi anasema hapo watu watasinzia. Eti badala yake nichore daraja linaanguka, na mishale.

— Mishale ya nini tena?

— Ya kuonyesha lilikoangukia.

Kisigino, fundi viatu, alicheka uzi ukiwa mdomoni.

— Kwani mnajuana na huyo mama?

— Mimi namjua kwa video tu, yeye hanijui. Juzi nimemkuta sokoni, nikamwamkia: shikamoo mama, goti linaendeleaje? Akakumbatia mkoba wake, akatimua mbio.

Wakaangua kicheko. Mkasi alikizungusha kikombe mkononi. Miezi yote ya kuihariri filamu hiyo alikuwa ameutazama uso ule kuliko wa mkewe. Alijua lini utameza mate, lini utapumua.

— Sikiliza, mdogo wangu, — alisema Spika. — Bosi wako kahongwa na waliojenga daraja. Kimya cha yule mama ni ushahidi!

— Wapi! — Kisigino akautoa uzi. — Wanataka kumtengeneza upya kwa mashine. Mama wa bandia, anacheka, analisifia daraja.

— Basi na Mkasi watamtengeneza! Wa bandia aende kazini, wa kweli alale.

— Aanze leo, kaka, — alisema Mkasi. — Na nyumbani apitie, mke wangu hatagundua.

Mshonaji aliyehamia jirani wiki hiyo alikuwa amesimama pembeni akisubiri kahawa yake.

— Samahani, kaka zangu. Huyo mama mwenyewe ameambiwa kwamba anatolewa?

Spika alimtazama Kisigino. Kisigino akainamia soli.

Mkasi aliweka kikombe chini. Siku ile ya kumrekodi, mpigapicha alisahau kuzima kamera, na mwishoni kabisa mwa video, mahali ambapo hakuna mwingine aliyewahi kusikiliza, yule mama alimwuliza binti yake kama kilemba kilikuwa kimekaa vizuri, maana majirani wote watakuja kumtazama kwenye filamu.