Mkono wa Mama Anfal kwenye Picha

Mheshimiwa Diwani wetu, na wewe Ndugu Polycarp, Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa uchochoro wetu, masheikh na wachungaji mliotuombea, wenye maduka, mawinga mnaotafuta wateja juani kutwa nzima, mama lishe ambao harufu ya pilau yenu inatutesa tangu asubuhi, wachukuzi wenzangu mliosimama kule nyuma ingawa viti vipo, na wewe tunayekuaga leo, Mama yetu Saadiya, ambaye Kariakoo nzima inakujua kwa jina la Mama Anfal. Kwako wewe, Mama, shikamoo. Wengine wote, habari za mchana.

Naitwa Vitalis. Ni mchukuzi. Kwetu ni Muleba, mbali kabisa, na shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo nikiwa nimekosea mpangilio wa vyeo naomba radhi. Ndugu Mwenyekiti amenipa nafasi ya kusema mawili matatu kwa niaba ya watu wa mizigo. Ameniomba nichekeshe kidogo, kwa sababu shughuli imekuwa nzito. La kuchekesha ninalo moja. Nitaanza nalo, halafu nitasema lililobaki.

Mnaujua uchochoro wetu. Juu kuna turubai la bluu kutoka mwanzo hadi mwisho, tulilifunga wenyewe kwa ajili ya mvua na jua, na chini yake kila kitu kina ubluu: nguo, meno, hata chai ya maziwa. Sisi hatuuoni tena, macho yameshazoea. Basi Mama Anfal alipoanza kuuza vitenge kwa simu, alitundika kitenge mlangoni, akapiga picha, akawatumia akina mama wa Iringa waliokuwa wanatafuta sare ya harusi. Wakaipenda ile zambarau. Mzigo ukaenda. Simu ikalia.

"Dada, hii rangi ya damu ya mzee umeitoa wapi? Sisi tuna harusi, hatuna msiba."

"Damu ya mzee gani, mwenzangu? Kipande kilichobaki ninacho mkononi, ni zambarau!"

Akabishana mpaka akachoka. Mwisho akatoka na kile kipande hadi barabarani, akakinyoosha kwenye mwanga. Damu ya mzee kweli. Halafu akacheka mpaka akakaa kwenye mkokoteni wangu. "Vita," akaniambia, "kumbe tumeishi chini ya maji miaka yote hii na hakuna aliyetuambia."

Mnacheka. Vizuri. Lakini yeye hakuishia kucheka. Aliwapelekea wale akina mama sare nyingine, na tangu siku ile hakupiga picha tena chini ya turubai. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulikuwa tunakwenda Mnazi Mmoja, mimi na majora begani, yeye na simu yake. Alitafuta kivuli cha ukuta, mahali palipo wazi ambapo mwanga haupigi moja kwa moja. Alifuta kioo cha kamera kwa pindo la mtandio. Alikunja kitambaa ili upande wa ndani uonekane, akaweka kiberiti juu ya ua ili mtu ajue ua lina ukubwa gani. Na kama kuna doa, alilipiga picha peke yake, kwa karibu. Siku moja nilimwambia, "Mama, doa si tungelificha tu kwenye mkunjo?" Akaniangalia kama ninayemtukana. "Mtu wa Tunduru hawezi kukishika hiki kitambaa, Vita. Picha ndiyo kushika kwake. Nikimficha doa, nimemfunga mikono."

Na mimi aliwahi kunipiga picha. Mama yangu alikuwa hai bado, na alitaka kuniona. Nikavaa shati la kuazima, nikasimama mbele ya gari la mtu pale barabarani. Mama Anfal akashusha simu. "Gari la nani?" Nikasema sijui. "Basi toka hapo. Mama yako anataka kumwona mwanawe, si gari la mtu asiyemjua. Chukua robota lako." Nikapigwa picha na robota begani, jasho linanitoka. Nilikasirika. Mama yangu aliitundika ukutani, nikaambiwa aliwaonyesha majirani wote. Alipofariki sikuweza kwenda kumzika. Nadhani ile picha ilikuwapo msibani kwa niaba yangu.

Ndugu wageni waalikwa, la kuchekesha limeisha.

Picha za Mama Anfal zilikuwa nzuri, na kitu kizuri Kariakoo hakikai siku mbili bila kupata mwenye tamaa. Watu wakaanza kuzichukua. Winga kuuza kwa picha ya duka la mwenzake si ajabu, ndiyo kazi yetu hapa, mradi akachukue mzigo kwenye duka hilo hilo. Hawa hawakuchukua kwake. Walionyesha picha yake, wakatuma kitambaa kingine, kile chepesi kinachochuja rangi ukikiloweka mara ya kwanza. Mama Anfal akaandika jina la duka pembeni mwa picha, wakalikata. Ndipo akaanza kuweka mkono wake. Mnaujua mkono ule: hina kwenye kucha, pete ya fedha yenye jiwe jekundu, umeshika kitambaa katikati kabisa ili asiwepo wa kuukata. Je, waliacha? Hawakuacha. Wakauza na mkono wake.

Nitawakumbusha siku ya yule mama wa Nachingwea, kwa sababu wengi mlikuwepo. Alishuka basi na kitambaa chake kwenye mfuko wa rambo, akapita duka hadi duka, na wala hakuwa anaangalia nyuso. Alikuwa anaangalia mikono. Akafika kwa Mama Anfal, akamkuta anapima yadi. Akaudaka ule mkono.

"Ndio huu! Mkono ndio huu! Mwizi!"

Ndugu zangu, neno hilo huwa haliitwi mara mbili Kariakoo. Watu walijaa uchochoro mzima. Mimi na mchukuzi mwenzangu Seifu tulisimama mlangoni na mikokoteni yetu, si kwa ushujaa, ila kwa sababu mikokoteni ilikuwa pale. Yule mama akatoa simu, akaonyesha picha. Akatoa kitambaa, akakikunjua. Kilikuwa kama kitambaa cha kufungia maiti ya paka, samahani kwa lugha. Na juu ya mfuko kulikuwa na namba ya simu ya aliyetuma mzigo.

Namba ile tuliijua. Mama Anfal aliijua kuliko sisi wote. Na mwenye namba alikuwa amesimama pale pale. Alisema nini? Alisema, "Mama Anfal, mridhishe tu huyu mteja, yaishe, unaharibu jina la uchochoro."

Naye Mama Anfal alifanya nini? Alipanda kwenye stuli, akateremsha kitenge kile chenyewe cha kwenye picha, akakikunja vizuri, akampa. Yule mama, alipoambiwa namba ile si ya duka hili, akasema, "Lakini kumbe si wewe uliyenitumia!" Mama Anfal akajibu, "Picha ni yangu. Mkono ni wangu. Uliponiona, uliniamini mimi."

Jioni nilimuuliza kwa nini hakumtaja mtu. Akaniambia, "Jirani ni jirani, Vita. Nyamaza." Nikanyamaza.

Ila habari husafiri. Wakaja wengine. Wa Nzega, wa Ifakara, wa Mafia, kila mmoja na kitambaa kibovu na picha yenye mkono wenye pete. Kila mmoja aliteremshiwa kitenge cha kweli. Rafu ya juu ikaisha, ya katikati ikaisha. Binti yake Anfal akapiga simu kutoka Tabora, "Mama, unalipia wizi wa watu wengine," naye akajibu, "Nalipia picha zangu." Kodi ikamshinda, na mwenye jengo hakusubiri rafu ya chini. Leo ile fremu ya duka ina kufuli jipya, na Mama anakwenda kuishi kwa bintiye.

Tangu asubuhi nimesikia hapa kwamba Mama yetu anastaafu. Kwamba amechoka, anakwenda kupumzika na wajukuu. Mheshimiwa Diwani, wewe umeambiwa hivyo na huna kosa. Mama huyu hakuchoka. Mama huyu amemalizwa, na waliommaliza tumekaa nao humu, tutakula nao pilau muda si mrefu.

Mama anatikisa kichwa. Ananiambia nikae. Mama, uliniambia ninyamaze ukiwa jirani yao. Kuanzia leo si jirani yao tena.

Sisimami hapa kudai vitambaa virudi, havirudi. Ila asubuhi ya leo, kabla ya kuja, nimeangalia simu. Mkono wa Mama Anfal bado upo kwenye kurasa za uchochoro wetu, unauza. Ataondoka kesho, na mkono wake utabaki hapa unadanganya watu wa mbali. Huko Tabora mtu anaweza kumdaka sokoni amwite mwizi, na safari hii hatakuwa na rafu ya kuteremsha kitu.

Kwa hiyo zawadi ya kumuaga ninayoiomba si hiyo seti ya masufuria pale mezani. Toeni simu zenu. Mwenye picha yenye mkono ule aifute, hapa hapa, naye akiwa anaona.

Nasubiri.

Samir wa mashuka, nimekuona, Mungu akuzidishie. Dada Jovitha, asante. Na wewe pale, asante. Najua zipo zilizokwisha kufika mbali ambako vidole vyetu havifiki. Hizo hatuna la kufanya nazo, na hilo Mama ataondoka nalo.

Ndugu Mwenyekiti, mkono wako umeingia mfukoni ukatulia. Utoe tu. Aaa, asante. Usiharakishe, natambua ni nyingi. Mheshimiwa Diwani naye atavumilia.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Maneno yangu yameisha. Lakini mimi nimezoea kusimama na uzito, na sitoki hapa mbele mpaka Mwenyekiti amalize kufuta.