Gari Nililolishukuria Kanisani

Wakina mama, kabla sijaanza ushuhuda wangu, mwenyekiti ameniruhusu niombe jambo moja. Simu zote ziingie mkobani. Hata wewe dada wa Mombasa, nakuona. Si kwamba siwaamini. Nikifika katikati mtaelewa kwa nini naogopa simu.

Asanteni. Wengi mnanijua kwa sura tu. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, na Kiswahili hiki mnachokisikia nilikiokota kwenye foleni ya maji kule. Nilifika Sydney na mtoto mmoja wa kiume, miaka minne, baba yake tulishamzika. Tukakaa hapa hapa Rooty Hill. Nikasoma kozi ya kutunza wazee, nikapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Kulikuwa na bibi mmoja Mtaliano aliyekataa kuguswa na mtu mwingine. Siku nisipokuwepo anakaa bila kuoga hadi nirudi. Mgongo ulikuwa unaniuma, lakini nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Mtoto akaanza kucheza raga, ile yao ya watu kumi na watatu. Mara ya kwanza kumwona anaangushwa chini na vijana watatu, niliingia uwanjani na mkoba wangu nikawatoe. Refa akanirudisha nje. Mnacheka, lakini mwanangu alininunia siku mbili.

Alikuwa na rafiki, kijana wa Kisamoa, walianza wote wakiwa na miaka tisa. Mwenzake ana nguvu za kuvunja ukuta, wangu ana mbio. Chakula cha Jumapili walikula kwangu, cha Jumamosi kwa mama wa yule. Klabu moja ya huku magharibi, sitaitaja, ikawachukua wote wawili. Wangu akawa nyota. Nikipanda treni naona watoto wa Kizungu wamevaa fulana yenye namba yake mgongoni, nami natabasamu peke yangu dirishani.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, maana habari yote imesimama juu yake. Ligi yao ina kikomo cha mishahara. Klabu iwe tajiri vipi, hairuhusiwi kuwalipa wachezaji wake wote kwa jumla kupita kiasi kilichowekwa. Nia yake ni nzuri, matajiri wasinunue kila mchezaji hodari. Lakini maana yake ni kwamba nyota akitaka zaidi, mwenzake anaondoka ili nafasi ipatikane.

Mkataba wa mwanangu ulipokaribia kuisha, klabu ya Queensland, jimbo jingine, ikamtaka kwa mshahara mkubwa sana. Wa hapa wakamwambia hawawezi kufikia pale bila kumwacha mtu. Mwanangu akaja jikoni akaniambia ameamua: atachukua kidogo, abaki, ili timu isivunjike na rafiki yake asiondolewe. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Mimi nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilikasirika, nawaambieni kweli. Nilijiona nitaogesha wazee hadi na mimi niogeshwe.

Wiki mbili baadaye akaja mtu nyumbani, mwanangu akiwa mazoezini. Si mfanyakazi wa klabu, ni rafiki wa klabu, mwenye kampuni yake. Alileta maua na keki. Akasema kijana amejitoa sana, na wao ni watu wenye shukrani, wangependa kumshukuru mama aliyemzaa. Nipewe gari. Na niandikwe kazi katika kampuni yake, mshauri wa mambo ya jamii, mshahara unaingia kila mwezi, ofisini si lazima nifike. Akasema tu tusimsumbue kijana kwa habari hizi, ana mechi za kufikiria.

Wakina mama, nyinyi mnajua sisi. Mtu akija nyumbani kwako kukushukuru kwa mtoto uliyemlea, utamfukuza? Nilipokea kwa mikono miwili. Nikamfungia na sambusa aondoke nazo. Sikuuliza kwa nini shukrani imekuja mlango wa nyuma. Au niseme vizuri: swali lilikuja, nikaliambia likae chini. Nikaacha kazi. Yule bibi Mtaliano sikumuaga, niliona aibu.

Mwanangu nikamdanganya kwamba gari nimelichukua kwa mkopo.

Kabla msimu haujaanza, klabu ikamwita yule rafiki yake ikamwambia hakuna nafasi. Kikomo kimefika. Mwanangu hakuelewa, maana yeye alikuwa amechukua kidogo makusudi. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi za nje na viatu vyake mkononi. Rafiki akapata timu ndogo Uingereza, huko kwenye baridi. Na mimi, mnasikia, mimi ndiye niliyepika chakula cha kumuaga. Nikamkumbatia mama yake, gari likiwa pale nje linang'aa.

Sasa tufike kwenye simu. Kwetu mtu akipewa kitu kikubwa akanyamaza nacho, watu wanauliza amekitoa wapi. Sisi tunashukuru mbele za watu. Basi Jumapili moja kanisani nikaomba nafasi, nikasimama mbele nimevaa kitenge kipya, nikasema: Mungu wangu si wa mchezo, klabu ya mwanangu imenipa gari, imenipa na mshahara wa kazi ambayo siendi. Watu wakapiga vigelegele, kwaya ikaingia, nikacheza. Yule bwana alisema nisimwambie mwanangu. Hakusema nisimwambie Mungu.

Ibada yetu inarushwa moja kwa moja mtandaoni. Nilijua. Nilijiambia ni Kiswahili, nani atasikia? Ndugu zangu, nawaambia, Sydney hii ina masikio ya kila lugha. Kipande changu kilikatwa, kikawekwa maandishi ya Kiingereza chini, kikazunguka. Haukupita muda wakaguzi wa ligi wakakiona, na kwa sheria yao anachopewa mama kinahesabiwa mshahara wa mwana. Ushahidi waliozoea kuutafuta kwenye makaratasi waliukuta unacheza mbele ya madhabahu.

Mwanangu alioneshwa kipande hicho na wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuja nyumbani mchana, nikiwa napanga vyombo. Hakupiga kelele. Yeye hunijibu Kiingereza siku zote, na siku ile pia, kwa hiyo nawapa kwa Kiswahili. Alisema, "Nilichukua kidogo ili abaki. Wewe ukachukua kilichobaki. Wakahesabu deni langu limelipwa, nafasi niliyomwachia wakampa mwingine. Aliondolewa kwa ajili ya gari lako, Mama."

Nikaanza kueleza, shukrani, heshima, mzazi. Akaingia chumbani, akatoka na begi. Tangu siku hiyo simu yangu hakuipokea.

Kilichofuata mlikisoma wenyewe, hata kama hamkujua ni mimi. Ligi ikamsimamisha mwanangu uchunguzi uendelee. Magazeti yakapiga picha mlango wangu. Waliomwita shujaa wakamwita mwongo, aliyejifanya ana moyo wa timu kumbe analipwa kwa mlango wa mama yake. Yule bwana akabadilisha namba. Gari likaja kuchukuliwa, mshahara ukakatika. Nilipoomba kurudi kwa wazee, wakasema hakuna shifti kwa sasa.

Nilifunga mapazia. Nilikuwa nakula mkate mkavu nimesimama, maana kukaa mezani peke yangu kulinishinda. Kanisani sikuweza kwenda, niliona kila anayeniangalia anakumbuka nilivyocheza. Nilimpigia mwanangu hadi nikaona aibu, nikawa nasikiliza tu ile sauti yake iliyorekodiwa ya kusema acha ujumbe. Asubuhi moja nilisimama stesheni ya Rooty Hill, treni zikawa zinapita na mimi sipandi. Sikuwa nakwenda kokote. Wakina mama, mnaelewa ninachosema, sitaongeza neno.

Dada mmoja aliyeko humu ndani alikuwa anakwenda kazini. Aliona treni ya kwanza inaniacha, akaona ya pili. Alinishika mkono, akapigia kazini kwake akasema anaumwa, akanipeleka kwa daktari na akakaa nje hadi nilipotoka. Kesho yake akaja tena. Na baadhi yenu mkaanza kuja kwa zamu na vyungu vyenu, mkinikuta bado sijanawa uso.

Nilikuwa bado niko chini hivyo hivyo alipokuja wakili wa yule bwana. Mpole, amevaa vizuri. Akasema wakaguzi wataniita mjini kunihoji. Akaweka karatasi mezani. Imeandikwa kwamba kazi yangu ilikuwa ya kweli, kwamba nilitembelea familia za wakimbizi kwa niaba ya kampuni, na majina ya familia yapo. Baadhi ni ya waliokaa humu. Akasema nikitia sahihi, kazi inakuwa kazi, gari linakuwa gari la kazi, kosa linakufa. Na kijana wangu anarudi uwanjani.

Nawaambia bila kuficha, nilishika kalamu. Nilimtaka mwanangu arudi uwanjani kuliko nilivyotaka pumzi. Kilichonizuia si utakatifu, miwani sikuwa nayo. Wakili akasema ataniachia hadi siku ya pili.

Nilimwita yule dada wa stesheni nikamwonesha. Alisoma mara mbili, akaniuliza, "Yule mama Msamoa ulishaenda kwake?" Nikasema sijaenda, nitakwendaje. Akasema twende. Kwetu mtu haendi peke yake kuomba radhi, anasindikizwa, kwa hiyo nilisindikizwa.

Nilitegemea atanifungia mlango. Alitukaribisha, akatupa viti, akatupa chai. Nikamwambia yote kwa Kiingereza changu kilichovunjika, hadi ile karatasi. Alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Nilipomaliza hakunitukana. Alisema, "Mwaka mzima mwanangu anaamini hakuwa mzuri wa kutosha."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nililia kwenye nyumba ya mtu niliyemkosea, na yeye ndiye aliyekwenda kutafuta kitambaa. Maana hadi siku ile nilikuwa nalia kwa ajili yangu na mwanangu. Yule kijana nilimlisha kila Jumapili kwa miaka, na sikuwahi kufikiria analala vipi huko baridini, anajihesabu kuwa si kitu, kwa sababu mimi nilitaka kupumzisha mgongo. Na ile karatasi ingemwacha aamini hivyo hadi kufa kwake.

Nilikwenda mjini na dada yangu huyu, ghorofa ya juu sana, masikio yakaziba kwenye lifti. Wakanipa mkalimani. Wakauliza kazi ile niliifanya siku ngapi. Nikasema sikuifanya hata siku moja. Wakauliza mwanangu alijua? Nikasema hakujua, nilimdanganya, na nyinyi andikeni hivyo kwa herufi kubwa. Mkalimani akanitazama kwanza, kisha akatafsiri.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Klabu iliadhibiwa, ikavunja mkataba wa mwanangu. Jina lake lilisafishwa, lakini timu kubwa zote zilikuwa zimeshajaza kikomo chao, hakuna iliyokuwa na nafasi. Leo anapakia mizigo kwenye ghala Smithfield, na Jumamosi anachezea timu ya mtaa ambako watazamaji ni wake za wachezaji na mbwa. Mimi nilirudi kwa wazee. Bibi yangu Mtaliano, nilikuta kitandani kwake amelala mtu mwingine.

Lakini yale niliyosema kule ghorofani yalitangazwa, na yule kijana wa Uingereza akayasoma. Akajua kwamba hakukosa uwezo. Mama yake aliniambia kijana alimpigia mwanangu simu siku hiyo hiyo, wakaongea hadi chaji ikaisha.

Miezi minne mwanangu alikaa kimya na mimi. Kisha akapiga. Akaniuliza nafanya kazi gani siku hizi, nikasema naogesha wazee. Akauliza, "Unakwenda kweli?" Nikamwambia nakwenda, naamka na giza. Akasema sawa. Jumapili ile alikuja kula. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Alirudia ugali mara mbili.

Kwa hiyo shukrani zangu naanza na wewe, dada wa stesheni. Umekataza nikutaje, lakini unajua. Nawashukuru nyinyi wa vyungu, daktari wangu, na mama yangu wa Kisamoa aliyenipa kiti. Na kwa yeyote hapa ambaye mtoto wake ameanza kung'aa, kwa mpira, kwa masomo, kwa sauti: watakuja watu na keki. Wapokee vizuri. Halafu waulize mbele ya mtoto wako, hiki mnachonipa mimi, nani amekikosa? Wakisema mtoto asijue, wafungulie mlango waende na keki yao.

Nimemaliza. Naomba msiniimbie wala msinipigie makofi marefu leo. Mwanangu ndiye aliyenileta, yuko nje kwenye gari. Nilimwambia aingie, akasema ushuhuda wangu mmoja ulimtosha, atanisubiri pale pale. Amesema atasubiri, wakina mama. Niacheni nimwahi.