Ngendo na Jani la Mzee Ndambuki

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Ngendo wa Kiganjo, hapa Thika, aliyekuwa mpimaji wa vyakula katika maabara moja kule Ruiru. Alizikwa Jumamosi, baada ya kuugua moyo. Dadake, Becky, anasema moyo huo ulianza kusumbuka zamani, kwa sababu ya jani la sukuma wiki.

Kazi ya Ngendo ilikuwa hivi. Maziwa aliyadondosha kwenye kikaratasi cha pembe tatu. Jani alilikata likawa na ncha, akalibana kwa kibanio cha chuma, akalilowesha spiriti, akawasha umeme. Umeme ulirusha utomvu kutoka kwenye ncha ile hadi ndani ya mashine inayopima uzito wa chembe. Punde si punde, mashine inataja kilichomo. Hakuna kuosha, hakuna kusaga, hakuna kuchuja. Ngendo aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nyumbani walimtania: "Ficha chai yako, Ngendo asije akaipima!"

Basi mzee Ndambuki, mkulima wa mashariki mwa Thika, akaleta sukuma wiki zake. Shule moja ya bweni ilitaka kuzinunua, lakini zipimwe kwanza. Alizileta ndani ya gunia, kama wengi wanavyofanya. Ngendo akachomoa jani, akalikata, akawasha umeme. Mashine ikasema dawa ya wadudu, tena nyingi ya kutisha.

"Madam, mimi napiga dawa nyanya peke yake," mzee akasema. "Sukuma sijagusa."

Ngendo alimwonea huruma, lakini aliiamini mashine. Shule ikazikataa mboga. Habari zikafika soko la Makongeni, na mama mboga nao wakazikataa.

Wasikilizaji, maneno yale, "sukuma sijagusa," yalimnyima Ngendo raha. Mwishowe akafunga safari hadi shambani, akamkuta mzee aking'oa mboga zake kwa mikono, kwa hasira.

"Ngoja kwanza, mzee! Ile gunia ulileta nayo sukuma, huwa unabebea nini ingine?"

"Si ni hii hapa. Hata dawa huwa nabebea hapa."

Ngendo alivaa glavu, akachuma jani mwenyewe, akakata pia kipande cha gunia. Kule Ruiru akavipima vyote viwili. Jani lilikuwa safi. Gunia lilijaa dawa. Narudia: jani safi, gunia lina dawa. Mashine ile haioshi kitu, kwa hiyo inahesabu hata kilichojipaka njiani. Ngendo alilijua hilo vizuri sana. Siku ile hakuuliza kuhusu gunia.

Mkubwa wake wa kazi, Muriithi, alimsihi. "Ngendo, achana na hiyo maneno. Tukisema tulikosea, nani ataleta sampo ya kupimwa tena?"

Hakuweza kuachana nayo. Alisimama katikati ya soko la Makongeni akawaambia mama mboga, "Mboga za mzee ni safi. Mwenye makosa ni mimi." Kazi yake maabarani ikaisha wiki hiyo hiyo. Lakini kilichomuumiza si kazi. Wale akina mama walimsikiliza kwa heshima, wakampa pole, na bado hawakununua. Alirudi tena na tena, na bado hawakununua.

Becky anasema, "Alikuwa ananiambia, 'Ubaya nilisema mara moja, wakashika. Uzuri nimesema mpaka sauti imekauka.'"

Jumamosi, mazishini, mzee Ndambuki alifika na mzigo wa sukuma wiki. Wapishi wakatazamana, wakausukuma kando. Mama Waruguru, mamake Ngendo, akauona.

"Hizi mboga mbona hazijapikwa?"

Basi mama aliyefiwa akashika kisu, akazikatakata, akazipika yeye mwenyewe. Akaketi kando ya Ndambuki, akala mbele ya watu wote.

"Kula, mzee. Mtoto wangu alisema ni safi."

Wachache walisogeza sahani zao. Wengi walibaki wamekaa.

Kwa Mama Waruguru, kwa Becky na jamaa wote wa Kiganjo, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nawe unayenisikiliza, mfikirie mtu ambaye ubaya wake uliuamini papo hapo, lakini uzuri wake bado unauombea ushahidi. Mzee Ndambuki yuko Makongeni hata leo, na mboga zake mbele yake. Aliyekuwa akimsemea tumemzika.