Upande wa Kushoto wa Pazia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa ukumbi huu, walimu wa muziki, wazazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliokosa viti mkaegemea ukuta wa nyuma: habari za jioni, na karibuni.

Mmekuja kuniaga, kwa kuwa leo naachia uenyekiti wa kikundi hiki cha opera, na ratiba inasema niseme machache niketi. Ningependa sana kuketi. Lakini wenyeji mnaijua desturi yetu: msemaji haondoki mbele ya pazia mpaka waimbaji wakuu wawili walitikise, mwanamume upande wa kulia, mwanamke upande wa kushoto, kila mmoja akisema kwa mkono wake kwamba yuko tayari. Wa kulia umetikisika tangu Mgeni Rasmi anaingia. Wa kushoto, kama mnavyouona, umetulia tuli. Kwa hiyo mtanivumilia, na mpiga fidla wetu aliyekwisha kusinzia aendelee tu.

Opera ya leo inaimbwa kwa lugha ya kigeni, basi acha niwasimulie. Kuna mlinzi wa daraja, mjane, mwenye binti mmoja. Mji wao una vita na mji wa ng'ambo ya mto, na binti anampenda kijana wa huko huko ng'ambo, mpiga tarumbeta wa jeshi la adui. Mapenzi hayachagui, ndugu zangu. Yangekuwa yanachagua, sisi wazazi tungelala usingizi. Wawili hao wameagana hivi: shuka jeupe likionekana dirishani, darajani hakuna askari, kijana avuke. Je, binti alimwambia baba yake? Hakumwambia. Aliogopa, na nani hapa hajawahi kuwa na umri ule?

Katika kitendo cha pili binti anashikwa na homa, analala hajitambui. Baba yake, mtu asiyejua hata kukaanga yai, anaamua kumfulia. Anafua kila kitu kwa mikono yake, na shuka analianika penye jua, dirishani. Wimbo wa hapo ni mtamu kuliko zote, maana mzee anafurahi kwamba mwanawe akizinduka atalalia shuka safi. Na askari wamejaa darajani. Miaka yote ya mazoezi nimetamani kumwambia yule mzee, anua hilo shuka, baba. Nani mbaya pale? Mimi simwoni.

Kijana anavuka, anapigwa risasi katikati ya daraja. Binti anaamka, analiona shuka, anaona baba yake anavyotabasamu, na anaelewa yote. Hata hapo hamwambii. Anamshukuru kwa kufua, anajifunga lile shuka, anakwenda kujitupa mtoni. Mzee anabaki akiuliza, "Mwanangu, nimekosa nini?" Pazia linafungwa, na hakuna wa kumjibu.

Mheshimiwa, naona unaangalia saa. Hata mimi naangalia, ila saa yangu ni ule upande wa kushoto.

Niwataje waimbaji. Anayeimba nafasi ya binti ni mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe. Nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi; akiungua kidole jikoni, mtaa mzima utajua. Lakini jambo likimgusa moyoni hufunga mdomo, halafu hufunga na mlango. Anayeimba nafasi ya kijana ndiye mchumba wake. Sauti anayo, adabu anayo, ila ni mzito wa kusema jambo kabla halijajisema lenyewe. Amepata kazi ya kuimba nchi ya mbali, na anasafiri kesho asubuhi. Sote tulijua, hata bawabu alimpongeza, na sote tulidhani Chiriku alikuwa wa kwanza kuambiwa. Ameambiwa leo, na mshona mavazi wetu, akimpunguzia kiuno cha gauni. "Pole, mwanangu, kesho mwenzio anakuacha." Maskini, alidhani anamfariji.

Tangu hapo mlango wa chumba chake cha kuvalia umefungwa kwa ndani. Nimebisha mpaka vidole vinauma. Alinijibu mara moja tu, "Shangazi, siimbi na mtu yule."

Mtasema, mama huyu anaanika ya ndani hadharani. Ni kweli, naanika. Lakini juu ya kioo cha chumba kile kuna spika, na kila linalosemwa hapa linafika kule. Basi Mgeni Rasmi aniwie radhi, haya yanayofuata si yake.

Chiriku, mwanangu, kijana amekosa na simtetei. Mgombeze. Mwambie neno lolote, hata lile ambalo hatukukufundisha nyumbani, lakini mwambie yeye. Opera hii hainilizi kwa sababu ya risasi. Kinachoniliza ni yule mtoto kuondoka na neno lake kifuani. Pazia lisipofunguka, watu hawa watakwenda makwao, watakula, watalala. Wewe je? Kesho atakuwa amekwenda, utaosha vyombo kimya, nitakuuliza una nini, utasema, "Hakuna kitu, shangazi." Hilo ndilo ninaloliogopa, na naliogopa sasa hivi nikiwa nimesimama hapa.

Naona wa kulia unatikisika tena. Kijana, pazia liache. Nenda kabishe mlango.

Hivyo viatu mnavyovisikia kwenye mbao ni vyake. Tukimsubiri, niwashukuru mafundi wa taa, wapiga vyombo, na mshona mavazi wetu, ambaye namwona pale pembeni anafuta macho. Mama, usilie. Wewe ulianika shuka tu, hujakosa kitu.

Ndugu wageni, mmeona? Huo ni upande wa kushoto.

Wameambiana nini, sijui, na sitauliza. Ila kitendo cha tatu kikifika na Chiriku akilia, msiharakishe kupiga makofi. Huenda bado anaongea na mtu.

Kwa kuniaga, na kwa kunisikiliza, asanteni mlioko mbele yangu. Na wewe uliye nyuma yangu, asante kwa kunisikia.