Aliyehesabu Moja Mpaka Nne

Jumamosi moja ya mwaka 1998, benchi la mbele ya saluni ya Séverin, pale Glenwood, Durban, lilikuwa limejaa kama kawaida. Séverin mwenyewe, waliyemwita Waziri kwa kujua kila kitu, alimimina kahawa. Otieno, mwanafunzi wa Kenya, jina la kijiweni Thesis, alipokea. Anatole wa Bukavu, fundi redio, alikuwa anajaribu redio-gramu ya mteja aliyoitengeneza, kabati la mbao lenye redio na gramafoni, na santuri aliyoikuta ndani yake. Karatasi ya ndani ilieleza: ilitolewa mwaka 1981 na Broken Robot, kampuni ya wanafunzi watatu waliorekodi bendi za magitaa makali ndani ya gereji, mtaa wa pili tu. Santuri tano, miezi kumi na minane, kampuni ikafa, Waziri akajazia.

Anatole akaweka sindano. Kabla ya gitaa, mpiga ngoma akahesabu: "Moja, mbili, tatu, nne!"

— Eish! Kiswahili! Otieno akamwaga kahawa.

— Hao walikuwa watu, akasema Waziri. Debe tupu ndiyo linavuma, na wao walivuma!

— Waziri, hiyo ni methali ya matusi.

— Kwenu Kenya. Sisi Wakongo tunasifia. Makaburu walisikia ile ngoma wakaanza kufunga mizigo!

— Kwa santuri tano?

— Tano zinatosha. Bendi zote za hapa Berea ni watoto wa ile gereji. Hata muziki wa kwaito!

— Hata kwaito?

— Hata honi za meli bandarini!

Anatole hakucheka. Miaka miwili Durban, na sauti ya nyumbani imemngoja ndani ya mbao kuukuu.

— Wangeweza kukata ile sauti ya kuhesabu, akasema. Kukata iko rahisi. Zamani zile za ubaguzi, na polisi wale, walimuacha mtu mweusi aanze yeye.

Kagendo, aliyekuja kusukwa nywele, akachukua ganda la santuri. Mwimbaji ametajwa. Hata aliyepaka gundi ganda hilo ametajwa. Kwenye ngoma: "rafiki yetu", basi.

— Na huyu jina lake nani?

Waziri akalichukua ganda, akaligeuza pande zote mbili.

— Labda Mzanzibari, Otieno akasema polepole. Wazee wao waliletwa hapa Durban karne iliyopita, walipokombolewa utumwani; waliishi Bluff, Makaburu wakawahamishia Chatsworth.

Anatole akaifunga santuri ndani ya taulo ya saluni, akafunga na sanduku la vifaa, Jumamosi mchana, wateja wakiwa njiani.

— Taxi ya Chatsworth inasimama wapi?

— Ngoja, akasema Waziri, akitafuta ufunguo wa saluni. Twende wote.